Gramu Mia na Hamsini Zisizo na Mwenyewe

Debe lilikuwa limezidi uzito, na Inspekta hakupenda kitu kizidi bila sababu.

Alimwomba Sajini alishushe, kisha alipandishe tena kwenye mizani. Ilikuwa mizani ya kidijitali, safi kama ya duka la dawa, nayo ilisema kilekile ilichosema mara ya kwanza: kilo kumi na nane, gramu mia sita na arobaini.

"Afande, hata tukilipima mpaka kesho halitapungua," alisema Sajini, akijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Mimi ndiye nitakayepungua."

"Lebo inasemaje?"

Sajini akainama. Kwenye shingo ya debe palibandikwa karatasi siku debe lilipofungwa, wiki tatu zilizopita, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. "Kilo kumi na nane, gramu mia nne, pamoja na debe lenyewe. Tofauti ni mia mbili na arobaini."

"Na chupa ya mafuta ya karafuu imepungua kiasi gani?"

"Tisini."

"Basi tuna gramu mia na hamsini zisizo na mwenyewe," alisema Inspekta, akaandika.

Nyumba hiyo ya manukato ilikuwa ya watu watatu tu. Chini palikuwa na duka lenye rafu za kioo. Juu palikuwa na chumba cha kazi, na ndani yake meza moja iliyozungukwa na chupa ndogo za rangi ya kahawia, zimepangwa ngazi kwa ngazi kama watazamaji uwanjani. Nyuma ya chumba hicho kulikuwa na stoo isiyo na dirisha. Humo ndimo yalimolazwa mafuta mama, yaani mchanganyiko mzito wa mafuta ya maua kabla haujatiwa spiriti. Ulazwe gizani wiki tatu, ukomae, ndipo uchujwe na kujazwa kwenye chupa.

Mwenye nyumba aliitwa Bwana Pua, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Alikuwa mtunzi wa manukato kwa miaka thelathini, na watu wa kazi hiyo walisema angeweza kunusa bahasha akakwambia mlamba gundi alikunywa nini. Mke wake ndiye aliyesimamia duka. Wa tatu alikuwa mdogo wa huyo mke, mwanamke wa miaka thelathini na moja, aliyekuja kujifunza kazi kwa shemeji yake miaka minne nyuma. Humo ndani walimwita Mwanafunzi.

Lililotokea lilikuwa jepesi kulisimulia. Mwanafunzi alitunga marashi ya maua yaliyoitwa Asubuhi ya Pili: asumini, ua la mchungwa, mlangilangi kidogo. Watu walioyanusa walisita kidogo kabla ya kusema neno. Wanunuzi wakubwa walikuwa waje kuyapokea Ijumaa. Jumatatu debe lilipofunguliwa likanuka karafuu, na katika marashi hayo karafuu haimo. Bwana Pua akapiga simu polisi yeye mwenyewe. Alisema shemeji yake ameharibu kazi makusudi ili aondoke nayo kichwani, akaiuze kwa kampuni kubwa iliyokuwa imemwandikia barua. Mkataba wao ulisema wazi: mwanafunzi akiihujumu nyumba, alichokitunga kinabaki kuwa mali ya nyumba, na jina lake linaondolewa.

Leo ilikuwa Jumatano. Mkuu wa kituo alikuwa amempa Inspekta hadi saa kumi alasiri: ama amfungulie Mwanafunzi mashtaka, ama alete mtu mwingine.

"Sajini, hapa kuna chupa ngapi?"

Sajini alizitazama kwa huzuni. "Mia tatu na kumi na mbili. Nilizihesabu jana nikiomba usiniulize."

"Kila moja ina uzito wake wa mwisho kwenye lebo. Ndiyo desturi yao: ukitoa tone, unapima chupa upya na kuandika. Zipime zote. Iliyopungua bila kuandikwa, iweke kando."

"Zote, Afande?"

"Zote."

"Nikifika nyumbani leo nikinukia hivi nitaulizwa nilikuwa kwa nani," alinung'unika Sajini, akivaa glavu. "Na nikijibu nilikuwa na Afande, naye ni mwanamke, ndipo nitakuwa nimejimaliza kabisa."

*

Mke wa Bwana Pua alikuwa nyuma ya kaunta, akipangusa kioo kilichokwisha kupanguswa. Alikuwa mwanamke nadhifu, nywele zimebanwa kwa uangalifu, na hakunukia chochote.

"Inspekta, bado mnahangaika na madebe?" alisema. "Mtu wenu mnaye huko juu, amekaa dirishani."

"Ni mdogo wako."

"Tumbo moja, ndiyo. Tumbo halina kosa."

Inspekta aliweka juu ya kaunta mfuko wa nailoni wenye vipande vya karatasi ngumu, nyeupe, zenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Zilikuwa lebo za Asubuhi ya Pili, zile zenye jina la mtunzi. Kila moja ilikuwa imekatwa kwa mkasi mahali pa jina.

"Tumezikuta kwenye pipa la taka la stoo. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anasema Jumapili saa nane mchana, duka likiwa limefungwa, alikuona ukiingia peke yako."

Mke alizitazama lebo bila kuzigusa. Kitambaa kikasimama juu ya kioo.

"Fundi viatu angetazama viatu," alisema mwishowe.

"Ulizikata wewe?"

"Nilizikata. Mia mbili. Nilipofika ya mwisho mkono ulikuwa unauma, na moyo ulikuwa haujapoa."

"Kwa nini?"

"Umeolewa, mama?"

"Jibu swali."

"Basi hujui." Alikunja kitambaa mara mbili, mara nne. "Hujui kuolewa na mtu anayenusa kila kitu isipokuwa wewe. Miaka kumi na sita, Inspekta. Hajanitungia hata sabuni. Huyu kaja juzi na begi moja, mimi mwenyewe ndiye niliyemtandikia kitanda. Leo akipita mlangoni, mume wangu anafumba macho. Anafumba! Chakula kinapoa, yeye na kijiti chake cha kunusia puani, anataja kazi ya shemeji yake. Nikimuuliza kuna nini kati yenu, ananiambia sielewi. Kweli, sielewi. Mimi nimesomea hesabu."

"Kwa hiyo ukaingia stoo."

"Nikaingia, nikakata jina lake. Nilitaka chupa zitoke bila yeye. Debe sikuligusa."

"Una ufunguo. Una sababu. Na ulikuwa peke yako."

"Vyote ninavyo," alikubali mke, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, tabasamu kavu. "Lakini ningetaka kuliharibu, ningemwaga humo lita moja ya mafuta ya taa nikarudi kulala. Karafuu ya nini? Nilikuwa nampikia?"

Inspekta aliandika jibu hilo neno kwa neno. Lilikuwa jibu la kiburi, lakini lilikuwa na akili ndani yake.

"Ijumaa mtawaambia nini wanunuzi?"

"Ijumaa haina tabu. Bwana ana kazi yake mwenyewe tayari. Imelala stoo wiki tatu, imekomaa. Itatoka hiyo."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu. Ndivyo inavyotakiwa."

"Ililazwa siku moja na hii iliyoharibika?"

"Siku moja, ndiyo. Kwani?" Mke akarudi kwenye kioo chake, akakuta doa jipya mahali vilipokuwa vidole vyake mwenyewe.

*

Mwanafunzi alikuwa amekaa penye dirisha la chumba cha kazi, mikono juu ya magoti kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu, na kweli ndivyo alivyoambiwa. Nyuma yake Sajini alikuwa akipima chupa, midomo ikicheza kwa tarakimu. Inspekta alivuta kiti.

"Dada yangu amesema ni mimi?" aliuliza Mwanafunzi.

"Amesema mengi. Nieleze wewe. Huenda ulikosea kupima tangu mwanzo?"

"Haiwezekani. Kabla ya kufunga debe tunatoa sampuli, mililita kumi, tunaifunga kwa nta na kutia sahihi, mimi na Shemeji. Iko kwenye jokofu. Inuseni."

"Mkemia wa serikali ameshaipima. Ni safi. Karafuu iliingia baadaye." Inspekta akageuza ukurasa. "Sasa nijibu kama mtu wa kazi, si kama mtuhumiwa. Karafuu ikiingia kwenye asumini inafanya nini?"

"Inaifokea."

"Na ukitaka kuinyamazisha?"

Mwanafunzi alisahau kidogo kwamba alikuwa anahojiwa. Macho yake yalikwenda kwenye ngazi za chupa. "Huinyamazishi. Ukishaitia, imeshaingia. Unaitafutia mwenzake wa kuzungumza naye. Waridi, ndiyo, waridi na karafuu vinajuana. Halafu sandali chini, vipate pa kukalia."

"Basi?"

"Mwingine angemalizia na miski nyeupe, ile ya kopo la buluu, ili vyote vishikane. Mimi siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siisikii. Kwangu ile ni maji matupu. Watu wengi wa kazi hii wana kitu kimoja ambacho pua zao ni viziwi kwake, na wengi hawasemi. Mimi nilisema siku ya kwanza."

Alinyoosha kidole, na Inspekta akalitoa daftari kwenye rafu mwenyewe. Ukurasa wa kwanza, tarehe ya miaka minne iliyopita, kwa mwandiko uleule mdogo ulionyooka: *Miski nyeupe, siisikii. Nisiitumie.* Chini yake palikuwa na sahihi ya mwalimu, kubwa, yenye mkia. Inspekta alipitia madaftari yaliyofuata, yote saba. Ilimchukua muda, naye hakuharakisha. Majaribio arobaini na moja ya Asubuhi ya Pili, na mengine zaidi ya mia mbili. Miski nyeupe haikuwamo hata mara moja.

"Ile barua ya kampuni kubwa," alisema bila kuinua macho.

"Ilikuja. Sikujibu. Iko kwenye droo, haijajibiwa. Ningeondokaje na mimi ndiyo kwanza nimepata jina kwenye chupa?"

"Afande!" Sajini alisimama ghafla, kiti kikapiga ukuta. Aliinama kwenye sikio la Inspekta, lakini mnong'ono wa Sajini ulikuwa sawa na sauti ya kawaida ya watu wengine. "Nimemaliza. Zimepungua nne. Karafuu tunaijua. Nyingine ni waridi, gramu thelathini. Sandali, themanini na tano. Na kopo la buluu, thelathini na tano. Jumla mia na hamsini kamili. Na huyu amevitaja vyote vitatu kwa mdomo wake, mimi hata sijamaliza kupima! Amejikamatisha mwenyewe."

Mwanafunzi alikuwa amesikia. Uso ukamsawijika.

"Toka nje kidogo, Sajini," alisema Inspekta, akatoka naye hadi kwenye ngazi.

"Afande, nani mwingine—"

"Tulia, tuhesabu. Mtu anaingia stoo kuharibu debe. Anatia karafuu gramu tisini. Kazi imekwisha, debe limeharibika. Kwa nini asitoke?"

Sajini alifikiri. "Ametosheka?"

"Hakutoka. Alichukua sandali, mafuta ambayo humu ndani wanayatoa kwa tone. Alichukua waridi. Alichukua miski. Alipima kila kimoja, akatia, akakoroga, ili alichokiharibu kipate kunusika. Huyo ni mtu wa namna gani?"

"Mwendawazimu."

"Mtunzi. Mke angetia mafuta ya taa. Amesema mwenyewe, na nimemwamini. Wewe ungetia nini?"

"Soksi zangu."

"Mtunzi peke yake ndiye asiyeweza kuacha kitu kibaya kikae kibaya. Na humu watunzi ni wawili. Mmoja amevijua vitatu kwa akili, kama daktari anavyojua dawa. Lakini kuchagua gramu thelathini na tano za kitu usichokisikia, na kuchagua sawasawa, hilo haliwezekani. Ni kama kiziwi kupatanisha nyuzi za gitaa."

Sajini alikuna shingo. "Inawezekana anadanganya kwamba haisikii."

"Kwa miaka minne, ukurasa wa kwanza, akingoja debe hili liharibike?"

"Basi ni Bwana. Lakini yeye ndiye aliyetuita."

"Ndiyo. Na ndiye aliyetuambia tupime chupa ya karafuu. Nyingine hakututuma. Nani angetafuta kitu ambacho hakuna aliyekinusa?" Inspekta alitazama saa. Saa nane na nusu. "Tatizo ni kwamba hii yote ni hesabu. Atasema Mwanafunzi alitia miski kwa kukisia, na mahakama itasinzia. Nataka aseme mwenyewe."

"Hatasema. Mtu anayejipenda vile?"

"Kwa kuwa anajipenda vile," alisema Inspekta, "atasema."

*

Bwana Pua aliingia saa tisa kamili, mwembamba, koti jeupe, kucha fupi. Hakumpa mtu mkono. Alikuwa ameeleza tangu Jumatatu kwamba mikono ya watu inanuka watu. Alimkuta mke wake amekaa upande mmoja wa meza, na Mwanafunzi upande wa pili, na kati yao kiti kitupu. Alikitazama kile kiti kidogo kabla ya kukaa.

"Tumekusumbua, Bwana," alisema Inspekta. "Nahitaji pua yako."

"Kila mtu anaihitaji."

Kwenye meza palikuwa na vijiti vitatu vya karatasi ya kunusia, vimeandikwa moja, mbili, tatu. Bwana Pua alikichukua cha kwanza, akakipitisha mara moja chini ya pua yake.

"Sampuli ya jokofu. Safi. Asumini, ua la mchungwa, mlangilangi." Alikiweka chini taratibu. "Kazi ya mtoto, lakini safi."

"Cha pili?"

Alikirudisha mezani karibu papo hapo. "Kimekufa. Karafuu imekaa juu kama mgeni asiyebisha hodi."

"Cha tatu?"

Hapo alikaa zaidi. Alifumba macho. Mke wake alimtazama akifumba, akageuza uso.

"Hiki ndicho cha kwenye debe," alisema.

"Una hakika? Vyote viwili vina karafuu, kwa kipimo kimoja. Cha pili ametutengenezea mkemia wa serikali asubuhi hii: sampuli safi na karafuu tu."

"Mkemia wa serikali ana mashine, mimi nina hii." Alijigusa pua kwa kidole kimoja. "Katika cha pili karafuu iko peke yake. Katika cha tatu imeshikwa mkono. Waridi ubavuni, sandali chini, na—"

Kijiti kikashuka kutoka puani.

Nje lori lilipita, chupa zikalia kidogo kwenye ngazi zao.

"Na miski nyeupe," alisema Inspekta. "Gramu thelathini na tano." Alifungua jalada, akatoa karatasi moja. "Haya ni maelezo yako ya Jumatatu, yenye sahihi yako. Nasoma: 'Nililinusa debe kwa nusu saa, kwa vijiti vitano. Imetiwa karafuu, hakuna kingine. Kingekuwepo kingine, hata gramu moja, ningekijua.'"

Bwana Pua alikilaza kijiti mezani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Jumatatu nilikuwa na hasira. Hasira inaziba pua."

"Sawa," alisema Inspekta. Alichukua kalamu na karatasi safi, akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu wa imla. "Mlalamikaji anakiri kwamba siku ya Jumatatu, kwa vijiti vitano na muda wa nusu saa, pua yake haikuweza kutambua gramu themanini na tano za sandali..."

"Usiandike hivyo."

"...wala gramu thelathini za waridi..."

"Nimesema nilikuwa na hasira!"

"Naandika. 'Kutokana na hasira.' Yatasomwa mahakamani. Na Ijumaa wanunuzi wakiuliza kwa nini pua ya nyumba hii haikusikia sandali, tutawapa nakala."

"Sandali hata mimi naisikia, Bwana," alisema Sajini kwa upole kutoka mlangoni. "Na nina mafua."

Uso wa Bwana Pua uliiva kuanzia shingoni. Alimtazama Sajini, glavu zake, tumbo lake, kama mtu aliyetukanwa na kiti. Kisha akakitazama kile kijiti cha tatu. Inspekta alikuwa amefika mwisho wa mstari. Aligeuza karatasi, akaisukuma mbele yake pamoja na kalamu.

"Tia sahihi hapa, basi. Kwamba hukuisikia."

Kalamu ilisukumwa kando.

"Niliisikia," alisema Bwana Pua.

"Lini?"

"Nilipoitia."

Mwanafunzi aliinua kichwa. Mke hakutikisika.

"Futa hayo uliyoandika," alisema Bwana Pua, na sasa aliongea haraka, kwa ukali, kama anayemsahihisha mtu kazini. "Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wao wakiwa dukani. Nilitia karafuu, nikakoroga, nikanusa. Ilikuwa mbaya. Nilitaka iwe mbaya, ndiyo kazi iliyonipeleka. Lakini ilikuwa debe zima la kitu kibaya, ndani ya nyumba yangu. Nikafika mlangoni, nikarudi. Waridi nilitia mara mbili, kumi halafu ishirini. Miski mara moja tu, thelathini na tano, na ikakaa. Nani mwingine angeipata kwa mara moja? Huyu? Huyu haisikii!"

"Ulijua haisikii," alisema Inspekta. "Daftarini mna sahihi yako. Na ulitaka tuamini ni yeye."

"Sikukumbuka. Mtu akiwa anatunga hakumbuki ya polisi."

"Na debe lako mwenyewe lililala siku moja na lake. Ulikuwa umeamua tangu siku hiyo?"

"Tangu alipoleta jaribio la arobaini na moja." Kwa mara ya kwanza alimgeukia Mwanafunzi. "Aliniletea kijiti hivi, kwa vidole viwili, kama anayeleta chai. 'Shemeji, hebu nusa hii.' Miaka thelathini nimekaa kwenye kiti hiki. Nilinusa. Nikamwambia apunguze mlangilangi."

"Nikaupunguza," alisema Mwanafunzi kwa sauti ndogo.

"Haukuhitaji kupunguzwa."

"Shemeji, ungeniambia tu niondoke. Ningeondoka."

"Ungeondoka nayo."

Inspekta aliandika ukiri wote kwenye karatasi nyingine, akausoma, na Bwana Pua akatia sahihi kubwa, yenye mkia, bila kubishana na neno hata moja isipokuwa kipimo cha waridi, ambacho alitaka kiandikwe kwa awamu mbili. Ile karatasi ya kwanza Inspekta aliichana mbele yake, naye akafuata kila kipande kwa macho mpaka kikaingia kwenye pipa. Saa ilikuwa tisa na dakika hamsini. Sajini alimpigia simu mkuu wa kituo: Mwanafunzi aachwe huru, hana shtaka, na kazi yake ni yake. Debe litabaki polisi kama kielelezo. Mwanafunzi aliuliza kama ataruhusiwa kuchukua madaftari yake. Akaambiwa ayachukue. Akayabeba yote saba kifuani, na hakuangalia nyuma alipokuwa akishuka ngazi.

Sajini alimshika Bwana Pua mkono, juu ya kiwiko.

"Ngoja," alisema mke wake.

Alikuwa bado amekaa. Alikuwa amekesha mara nyingi, na zote zilionekana usoni kwa wakati mmoja.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne nahesabu hatua zako ukitoka chumbani. Nikakata jina la mtoto wa mama yangu kwa mkasi, mara mia mbili. Nilidhani unamtaka."

"Nilikwambia huelewi. Simtaki."

"Ulikuwa unamwonea wivu."

"Ndiyo."

"Tu."

"Tu." Bwana Pua alinyoosha koti lake kwa mkono uliokuwa huru. "Basi furahi. Hapakuwa na mwanamke mwingine."

Mke aliliwaza hilo kwa makini, kama alivyosomea.

"Angekuwepo," alisema, "ningejua pa kuanzia kukusamehe."